Ibrahimu ni Babu wa Kina Nani?

Asubuhi moja ya Idi Kubwa, sahani ya pilau na nyama ilivuka uchochoro kutoka nyumba ya jirani ikaja mlangoni kwangu, imefunikwa kawa. Aliyeibeba ni mvulana wa miaka minane, kanzu yake ingali na mikunjo ya dukani. Binti yangu, rika lake, akaipokea. Kabla sahani haijafika mezani walikuwa wameshaanza kubishana.

"Tumechinja kwa sababu Nabii Ibrahimu aliambiwa amchinje mwanawe Ismaili, halafu Mungu akaleta kondoo," alieleza mvulana.

"Si Ismaili, ni Isaka. Tumefundishwa Jumapili."

"Ismaili! Maalim mwenyewe amesema. Muulize mama yako."

Wakanigeukia wote wawili. Mimi niliyekulia katika ukoo ambao mjomba ni mzee wa kanisa na shangazi ameshahiji Makka, nikatoa jibu ninalolijutia hadi leo: "Yote sawa tu, wanangu. Kaleni, nyama itapoa."

Mvulana akaondoka amenuna. Binti yangu akanifuata jikoni. "Mama," alisema, "haiwezi kuwa sawa. Aliyelazwa pale alikuwa mtoto mmoja."

Alisema kweli. Nilidhani nimezima ugomvi, kumbe nimewaambia watoto wawili kwamba wanayofundishwa hayana uzito, hata jina la mtoto aliyenusurika kisu si kitu. Tangu siku ile nimejaribu njia nyingine, kwa wanangu na kwa watoto wa mtaani wanaojaa barazani kwangu kila likizo. Ushauri wangu kwako, mzazi mwenzangu, na kwako mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili, ni huu: mpe mtoto kisa cha Ibrahimu kama nyumba yako inavyokiamini, kizima, bila kukipunguza, kisha mpe cha jirani kama jirani mwenyewe angekisimulia. Usivichanganye, usivipiganishe. Mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kubeba maneno mawili: "sisi tunasema" na "wao wanasema".

Anza na ukoo

Kwa mtoto, Ibrahimu ni babu. Watoto wetu wanajua babu wa ukoo ni nani: mtu ambaye jina lake hutajwa kila watu wakikutana, ingawa hakuna aliyemwona. Mwambie kwamba zamani sana, kabla ya Musa na Daudi, kabla ya Yesu, kabla ya Mtume Muhammad, aliishi mzee mmoja ambaye nasaba za wote hao huhesabiwa hadi kwake.

Chukua karatasi umchoree. Juu andika Ibrahimu. Chini yake weka wana wawili: Ismaili, ambaye mama yake ni Hajiri, na Isaka, ambaye mama yake ni Sara. Kwa Isaka alizaliwa Yakobo, aliyeitwa pia Israeli, na wanawe kumi na wawili ndio chimbuko la makabila ya Israeli. Kwa Ismaili, Waislamu wanaufikisha ukoo wa Makuraishi alimozaliwa Mtume. Kitabu cha Mwanzo kinataja na wana sita wa Ketura, mke wa baadaye, ila hao waache kwa siku nyingine. Kiswahili nacho kinatubebea nusu ya mzigo: Ismaili na Isaka ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Hakuna mtoto wa kwetu anayehitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Halafu fungua fundo la majina, maana hapa watoto wengi hupotea kimyakimya. Biblia ya zamani wanayoitumia Waprotestanti wengi inamwita Ibrahimu. Ile ya Habari Njema inamwita Abrahamu. Kwa Waislamu ni Nabii Ibrahimu, na Wayahudi, kwa Kiebrania, humwita Avraham. Mama wa Ismaili ni Hajiri katika Biblia moja, Hagari katika nyingine, na Hajra kwa Waislamu. Isaka na Is-haka ni yule yule, Ishmaeli na Ismaili vilevile. Mtoto asiyeambiwa hili anaweza kumaliza shule ya msingi akidhani kila jina ni mtu mwingine.

Majina hayo yana utamu wake. Mwanzo kinasema mzee aliitwa Abramu, akabadilishiwa jina akiwa na miaka 99, awe baba wa mataifa mengi. Ishmaeli maana yake ni "Mungu husikia". Isaka maana yake ni "hucheka", kwa sababu Sara alicheka aliposikia kwamba atazaa uzeeni. Sisi tunaowaita watoto wetu Shida, Furaha na Tumaini tunaelewa mara moja: jina limebeba habari ya siku ya kuzaliwa. Waambie watoto kwamba Isaka ni kama mtu anayeitwa Kicheko, nao hawatamsahau tena.

Kiite kisa

Ukianza kwa "Paukwa", mtoto atajibu "Pakawa", na akili yake itakwenda moja kwa moja kwa Sungura na Fisi. Hapo umeshamwambia, bila kukusudia, kwamba Ibrahimu ni wa ngano. Neno "hadithi" nalo lina mtego: kwa mtoto wa shule ni masimulizi ya kubuni, kwa mtoto wa madrasa ni maneno na matendo ya Mtume. Mimi hutumia "kisa" au "habari". Waislamu wana visa vya mitume na Wakristo wana habari za mababu wa imani, hivyo hakuna atakayehisi kitu chake kimeshushwa. Na akiwapo mtoto wa Kiislamu mkekani, mtaje kwa heshima anayoisikia kwao: Nabii Ibrahimu.

Kwa wenye miaka mitano hadi saba, mimi huanza na shina ambalo dini zote tatu zinalikubali. Husimulia hivi:

"Zamani sana alikuwapo mtu anaitwa Ibrahimu. Watu wa kwao waliabudu masanamu waliyoyachonga kwa mikono yao wenyewe. Yeye akamwabudu Mungu mmoja, aliyeumba mbingu na nchi. Mungu akamwambia aondoke, akaacha nyumba na jamaa, akaenda mbali, akawa analala kwenye hema. Akazeeka, hana mtoto. Akaomba, akangoja, na Mungu akampa watoto uzeeni. Alipenda sana wageni. Aliwatetea hata watu wabaya wasiangamizwe. Siku moja Mungu alimjaribu kwa jambo gumu kuliko yote, akalishinda, na mwanawe akarudi nyumbani mzima. Ndiyo maana anaitwa rafiki wa Mungu."

Jina hilo la mwisho, rafiki, lipo kote. Liko katika Isaya, liko katika Waraka wa Yakobo, na katika sura ya nne ya Kurani, ndiyo maana Waislamu humwita Khalilullah. Hata mji wa Hebroni, ambako inaaminika alizikwa, Waarabu wanauita al-Khalil: mji wa Rafiki.

Kwa wakubwa kidogo, leta ramani. Mwanzo kinasema safari ilianzia Uru. Mahali ambapo wataalamu wengi husema ndipo ilipokuwa Uru leo ni magofu kusini mwa Iraki, yaliyochimbwa na Leonard Woolley kati ya 1922 na 1934. Papa Fransisko alifika hapo tarehe 6 Machi 2021 akaketi na viongozi wa dini nyingine. Kutoka hapo familia ilikwenda Harani, ambayo leo ipo Uturuki, mwendo wa takriban kilomita 900 ukipima kwa mstari ulionyooka. Ni mbali kidogo kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege. Waambie wafikirie umbali huo kwa miguu, pamoja na mbuzi, wazee na vyombo vya jikoni. Kutoka Harani Ibrahimu aliondoka tena akiwa na miaka 75, kuelekea Kanaani. Mtoto mmoja aliniambia, "Babu yangu ana sabini na mbili na hataki hata kwenda sokoni." Huyo ameelewa.

Tofauti nyepesi kwanza

Kosa langu la siku ya Idi lilikuwa kwamba watoto wale walikutana na tofauti nzito kabla hawajazoea nyepesi. Mtu hajifunzi kuogelea siku ya pepo za kusi. Wazoeze watoto mahali ambapo hakuna atakayeumia.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kisa cha wageni. Mwanzo, sura ya 18: Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema, jua kali. Anainua macho, watu watatu wamesimama. Anakimbia kuwalaki, ingawa ni mzee. Anawaletea maji ya kunawa miguu, anamwomba Sara akande vipimo vitatu vya unga safi, anakimbia tena zizini kuchagua ndama laini. Wageni wanakula chini ya mti, yeye amesimama karibu nao. Kurani nayo ina kisa hiki, katika sura ya 11 na ya 51: wageni wanafika, wanasalimiana, mwenyeji anaondoka kimyakimya na kurudi na ndama wa kuchoma. Ila wageni hawanyooshi mkono. Ibrahimu anaingiwa na hofu, maana mgeni asiyekula chakula chako ana neno. Ndipo wanapojitambulisha kuwa ni malaika.

Waulize watoto: walikula au hawakula? Wa Jumapili watasema walikula. Wa madrasa watasema malaika hawali. Acha wabishane kidogo. Hapa hakuna atakayelala na machozi. Kisha waonyeshe kwamba vitabu vyote viwili vinasimulia mwenyeji yule yule aliyekimbilia jikoni kabla ya kuuliza "ninyi ni nani?", na habari ile ile waliyoileta: Sara atapata mtoto. Baada ya hapo tuingie jikoni sote. Kila mtoto anapima konzi tatu za unga, tunakanda, tunasukuma chapati, na sharti ni moja: ya kwanza anapewa mpita njia. Unga utatapakaa hadi kwenye nywele. Ukarimu haufundishiki kwa mdomo mtupu.

Zoezi la pili ni la usiku. Umeme ukikatika, badala ya kulalamika toeni mkeka nje, muwaambie watoto wahesabu nyota. Wakichoka, wape visa viwili vya anga moja. Katika Mwanzo, Mungu anamtoa Ibrahimu nje na kumwambia ahesabu nyota kama anaweza: uzao wake utakuwa mwingi hivyo. Katika Kurani, sura ya 6, anaiona nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kinapotua anasema hawezi kukiabudu kinachotoweka. Kisa kimoja kinahusu ahadi, cha pili kinahusu kumtambua Mungu. Watoto hawaoni shida yoyote kulaza vyote viwili kwenye mkeka mmoja.

La tatu ni masanamu. Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba Nabii Ibrahimu alivunja masanamu ya watu wake akabakiza kubwa lao, na walipomuuliza akasema lile kubwa ndilo lililofanya, wayaulize kama yanaweza kusema. Wakamtupa motoni, na moto ukaamriwa uwe baridi na salama. Mtoto wa Kikristo atasema, "Hicho hakimo kwenye Biblia," na yuko sahihi. Usimkatize. Mwambie kwamba Wayahudi nao wana kisa cha kuvunja masanamu, katika mapokeo yao ya kale yanayoitwa midrashi: huko, baba yake Ibrahimu ni muuza masanamu, na kijana analiwekea fimbo mkononi lile kubwa na kudai ndilo lililopiga wenzake. Mjini Şanlıurfa, Uturuki, pana bwawa la samaki ambapo wenyeji husimulia kwamba moto uligeuka maji na kuni zikageuka samaki. Hapo mtoto anajifunza jambo ambalo hata watu wazima hulisahau: kuna kilichoandikwa katika kitabu, na kuna kilichopokewa na wazee, na kila nyumba ina vyote viwili.

Mama wawili, na baba aliyeondoka

Kisa cha Hajiri usikiruke. Watoto walio wengi wanakihitaji kuliko kile cha kuchinja.

Biblia haifichi. Hajiri alikuwa mjakazi kutoka Misri. Sara, asiyekuwa na mtoto, akampa mumewe ili apate mtoto kwake. Kisha wake wenza wakashindwana. Hajiri anafukuzwa pamoja na mwanawe, akiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha nyikani. Akamlaza kijana chini ya kichaka, akaketi mbali ili asimwone akifa. Mungu akaisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho, naye akaona kisima. Ukiwa Mkristo, usimtetee Sara kwa kupunguza maneno. Mwanzo, sura ya 21, inasema inachosema. Mwonyeshe mtoto kwamba Mungu alikuwa na masikio kwa waliofukuzwa.

Waislamu wanasimulia kwamba Nabii Ibrahimu, kwa amri ya Mungu, alimpeleka Bi Hajra na mtoto mchanga kwenye bonde kavu la Makka, akawaachia tende na maji. Hajra alimuuliza mara kwa mara mbona anawaacha, na alipojua ni amri ya Mungu akasema basi hatawapoteza. Maji yalipokwisha akakimbia kati ya vilima vya Safa na Marwa mara saba, akitafuta mtu, ndipo chemchemi ya Zamzam ikabubujika. Kama una jamaa aliyerudi kutoka Makka, omba maji kidogo ya Zamzam, umpe mtoto kwa kikombe kidogo. Mwambie kwamba mamilioni ya mahujaji, wanaume kwa wanawake, hufuata nyayo za mama mmoja aliyekuwa anatafuta maji ya mtoto wake.

Sasa jiandae, maana swali litakuja, na mara nyingi litatoka kwa mtoto anayelelewa na mama peke yake: "Kwa nini baba yao aliwaacha?" Usimjibu haraka kwamba ni amri ya Mungu ukaishia hapo. Atalipeleka jibu hilo kwa baba yake mwenyewe. Mimi husema: "Ibrahimu aliumia kufanya hivyo, kitabu kinasema. Na kisa hakikuishia jangwani." Kwa Waislamu, Ibrahimu alirudi, na baba na mwana wakainua pamoja kuta za Kaaba. Kwa Biblia, Mungu alikuwa pamoja na kijana akakua akawa mpiga upinde, na tutamkuta tena mwishoni.

Kisu

Sasa tumefika. Ushauri wa kwanza: mtoto wa chini ya miaka sita hana haja ya kisu. Kwake inatosha kwamba Ibrahimu alijaribiwa na mtoto akarudi mzima. Akikisikia kwingine, mpe mwisho kabla ya mwanzo: "Huyo mtoto hakuumia. Haya, nikueleze ilikuwaje."

Wayahudi wanatufundisha jambo kwa jina wanalokiita kisa hiki: Akeda, yaani kufungwa. Isaka alifungwa, hakuchinjwa. Sisi kwa Kiswahili tuna haraka ya kusema "kisa cha kuchinjwa", na mtoto anabaki na neno ambalo halikutokea. Sema "kujaribiwa kwa Ibrahimu", au sema "mtoto aliyeokolewa".

Katika Mwanzo 22, Mungu anamtaja Isaka kwa jina. Baba na mwana wanapanda mlima, mtoto amebeba kuni, anauliza mwanakondoo yuko wapi. Baba anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Malaika anaita jina la Ibrahimu mara mbili, na kondoo dume yuko pale, pembe zimenaswa kichakani. Katika Kurani, sura ya 37, Ibrahimu anaona ndotoni, anamweleza mwanawe na kumuuliza anaonaje. Mtoto anamjibu atende alivyoamrishwa, atamkuta mvumilivu. Watoto wa miaka tisa au kumi wanaipenda sana tofauti hii: kwenye kisa kimoja mtoto anauliza, kwenye kingine anaulizwa.

Mimi huacha kimya kidogo hapo, kwa sababu chini ya maswali yote lipo moja: "Na wewe je, ukiambiwa?" Mtoto akiliuliza, weka chini ulichoshika. Mtazame. "Hapana. Wewe hutaguswa. Ibrahimu alikuwa nabii, mimi si nabii. Na Mungu mwenyewe alizuia mkono wake, ili tujue hataki watoto wachinjwe." Ongeza na hili, ambalo ni ushauri wa malezi kama ulivyo wa dini: mtu yeyote akikuambia Mungu amemwagiza akuumize, au akuguse, au ufiche siri, huyo ni mwongo hata kama amevaa joho au kilemba. Kimbia uje uniambie.

Basi, ni mtoto yupi?

Jibu lake linatoka kwa mpangilio huu, na sijapata mtoto aliyeshindwa kuufuata. Kwanza, kila kitabu kinasema nini: Mwanzo kinamtaja Isaka. Kurani haitaji jina. Pili, watu wa kitabu hicho wanaelewaje: Wayahudi na Wakristo wanasema Isaka, Waislamu walio wengi wanasema Ismaili, na moja ya hoja zao ni kwamba bishara ya kuzaliwa Is-haka inakuja katika sura hiyo hiyo baada ya kisa kwisha. (Wewe mzazi ujue tu kwamba mfasiri mkubwa wa kale, Tabari, aliegemea kwa Is-haka; usimtumie kama rungu la kumpigia jirani.) Tatu, sisi nyumbani kwetu tunaamini nini, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona na bila kupaza.

Hatua hiyo ya tatu usiiache kwa adabu. Mtoto anayeambiwa kila mtu anaamini nini ila hajaambiwa wa kwao wanaamini nini, umemlaza nje.

Halafu mwonyeshe kila dini inavyokishika kisa hicho, maana mtoto huamini anachokiona. Waislamu huchinja tarehe 10 Mfunguo Tatu, na wengi hugawa mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini. Ile sahani iliyovuka uchochoro ilikuwa fungu mojawapo. Wakatoliki husoma kisa hiki kwenye Mkesha wa Pasaka, na Wakristo kwa ujumla huona katika Isaka aliyebeba kuni mfano wa Kristo aliyebeba msalaba. Wayahudi hukisoma kwenye sikukuu ya mwaka mpya wao, na siku hizo hupuliza shofari, baragumu la pembe ya kondoo dume, kukumbuka yule aliyenaswa kichakani.

Watoto wetu wengi hawajawahi kukutana na Myahudi, na kisa cha asiyekuwapo ndicho kinachosimuliwa vibaya kuliko vyote. Kisimulie kana kwamba mtoto wa Kiyahudi ameketi hapo mkekani. Wala si lazima awe wa mbali: karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, waliofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919 nyuma ya kiongozi wao Semei Kakungulu. Kwa desturi ya Wayahudi, anayeingia dini yao huitwa mwana au binti wa Avraham.

Kila dini ina sababu yake ya kumwita baba. Wayahudi wanataja ukoo na agano, lile linalowafanya wawatahiri watoto wao wa kiume siku ya nane. Wakristo wanamfuata Paulo, aliyewaandikia Warumi kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa imani kabla hajatahiriwa, hivyo ni baba wa wote waaminio. Waislamu wanasema alikuwa mwenye kumwelekea Mungu mmoja, wala hakuwa Myahudi wala Mkristo, na kila sala yao humalizikia kwa kumwombea Mtume rehema kama alizopewa Ibrahimu. Usiku wa leo, kabla mtoto wako hajalala, watu wa dini zote tatu watakuwa wamelitaja jina hilo katika sala zao.

Mambo ya kuyaepuka

Usiseme "yote sawa", umeshaona neno hilo liliponifikisha. Usiwape watoto mtihani wa nani mshindi. Usimsahihishe mtoto wa mwenzio imani yake akiwa nyumbani kwako. Akisema jambo ulilozoea tofauti, mwambie, "Ndivyo mnavyosema kwenu, na ukitaka zaidi muulize maalim wako." Swali usilolijua, sema utauliza, kisha uulize kweli, kwa mwenye kitabu chake. Mfano mzuri wa hayo upo. Kule Abu Dhabi, mwaka 2023 ilifunguliwa Nyumba ya Familia ya Ibrahimu: msikiti, kanisa na sinagogi kwenye kiwanja kimoja. Kilichonivutia ni kwamba hawakujenga ukumbi mmoja wa kuabudia wote. Ni majengo matatu, ukubwa sawa, kila moja na mlango wake, na bustani katikati. Barazani kwangu nataka hivyohivyo.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Mwaka ule ule wa Idi, nilipojirekebisha, nilimsomea yeye na mtoto wa jirani kisa cha mwisho, Mwanzo 25. Ibrahimu anafariki akiwa na miaka 175. Anazikwa katika pango la Makpela, kwenye shamba alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Na wanaomzika wametajwa kwa majina: Isaka na Ishmaeli, wanawe.

Wakanyamaza. Watoto wa mtaani wanajua misiba. Wamewaona watu waliokuwa hawaamkiani wakishika jeneza moja.

"Ishmaeli alikaa mbali," alisema mvulana. "Nani alimpelekea taarifa?"

Nikatazama ukurasa. "Haikuandikwa," nikamjibu.

Binti yangu akafikiri. "Labda Isaka," alisema, na mwenzake hakumbishia.